Maliwali Kumi na Tisa

Kijiwe chenyewe kinaitwa Mlangoni, na mgeni wa mji akiambiwa "wazee wako Mlangoni" huutafuta huo mlango asiuone, kwa sababu wameukalia. Ni mlango wa kale wa mvule, uliosalia nyumba ya watu ilipoanguka, ukalazwa juu ya mawe manne mbele ya kibanda cha Mtoro fundi makubadhi, upande wa nakshi ukitazama juu. Aliyeulaza hivyo hakufikiri, na waliokuja kuukalia walikuwa wavivu wa kuugeuza. Basi wazee wa pale hurudi majumbani na maua ya nakshi yamechapwa nyuma ya kanzu, na wake zao hawana haja ya kuuliza walikuwa wapi. Mwaka ule wa hamsini na tatu kila jambo la Bagamoyo lilipita Mlangoni kabla ya kufika kwa wenye mamlaka: posa, talaka, bei ya nazi, hata kuandama kwa mwezi. Lisilopita hapo lilihesabiwa tetesi.

Mwalimu Mwishehe alifika Alhamisi moja, saa nne kasorobo asubuhi, bahasha ya kaki kwapani, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Darasa la nane alikuwa ameliachia hesabu ya pipa linalovuja, akawaambia wasiinue vichwa mpaka arudi. Hakuwa na muda. Basi la Dar es Salaam lilikuwa limesimama ng'ambo ya njia, abiria wamo, kuku wamo, mfuko wa barua umo, na dereva wake, Mgeni Breki, yuko Mlangoni anakunywa kahawa. Breki aliitwa kwa kile ambacho basi lake halikuwa nacho. Nalo basi hilo halikufuata saa, lilifuata kikombe: Mgeni akisema "basi, imetosha," ndiyo safari.

Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu kumi na tisa, na fomu hizo ndizo zilizomkosesha Mwalimu usingizi tangu Jumatatu. Serikali ilitaka kila mwanafunzi anayemaliza aandike kazi anayoitaka ya kwanza, kisha ya pili, na mkubwa wake atie sahihi au dole gumba. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya aina tano, yameorodheshwa juu ya fomu: ualimu, kilimo, polisi, ufundi wa simu, na udresa, yaani kazi ya kuosha na kufunga vidonda hospitali. Zisizofika Dar es Salaam kabla ya jioni ya Alhamisi hiyo hazingetazamwa. Mwalimu alikuwa amefundisha miaka kumi na mitatu, na hii ilikuwa mara ya kwanza mtu kumuuliza mtoto wake yeyote anataka nini. Furaha ikampanda kichwani, akafanya kosa moja tu, tena kosa la adabu. Aliwaambia watoto:

— Msiandike kwa pupa. Nendeni kwanza mkawaulize wakubwa zenu.

Alisahau kwamba wakubwa wote wa mji ule hukaa ubao mmoja.

Watoto kumi na tisa wakapita Mlangoni, mmoja mmoja, na shikamoo zao. Wazee wakakaa kikao siku mbili. Ilikuwa mara ya kwanza tangu vita kwisha kwa watu wale kukubaliana jambo, na Mwalimu alipozifungua fomu akakuta zote kumi na tisa, kwa mwandiko mzuri aliowafundisha yeye mwenyewe, kwenye mstari wa kazi ya kwanza zimeandikwa neno moja: Liwali.

Alitaka kucheka, akataka kulia, akaishia kuvunja chaki. Kisha akawaketisha watoto waijaze ile kazi ya pili mbele ya macho yake, na kwa siku tatu akazunguka nyumba hadi nyumba, mpaka Kaole kwa miguu, akitafuta sahihi za wakubwa. Kumi na nane akazipata. Iliyobaki ilikuwa moja, na hiyo moja ndiyo aliyoitaka kuliko zote, fomu ya Mohamedi wa Bi Mize.

Mohamedi aliandika kazi ya pili bila kufikiri: dresa. Mwalimu alipomuuliza kwa nini, mtoto alijibu akitazama chini kwamba baba yake alikufa Saadani kwa kidonda cha mguu, na kidonda chenyewe "kilikuwa kinataka kuoshwa tu." Mwalimu hakuuliza la pili. Alikwenda kwa mama yake siku hiyo hiyo, na Bi Mize akamwambia, "Mimi nimezaa, mwalimu, lakini mwenye mtoto ni mjomba. Kamwone kaka yangu." Na kaka yake ndiye Mtoro, fundi makubadhi, mwenye kibanda na mwenye mlango.

— Asalaam alaykum. Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, Chaki! — wakaitika kwa pamoja, maana ndilo jina walilompa. — Karibu Mlangoni. Rajabu, mmiminie mwalimu.

Mzee Rajabu muuza kahawa akagonganisha vikombe, akainamisha mdila wa shaba. Mwalimu alisikia kahawa inavyotoka, akajua mdila ule si mzito tena.

— Mzee Mtoro, nimekuja kwa lile dole.

— Lipi? — akauliza Mtoro. Hakuinua macho kutoka kwenye ngozi aliyokuwa akiitoboa kwa shazia. — Ninayo mawili.

— La kushoto. Fomu imeandikwa la kushoto.

— Enhe! — akaruka Mrisho Siri, utadhani kakalia sindano. — Mmesikia? La kushoto! Mkono wa kushoto kazi yake mnaijua nyote. Serikali haisemi neno bure.

Mrisho alikuwa tarishi wa boma miaka ishirini. Kusoma hakujua, lakini alidai kwamba siri za serikali alizijua kwa uzito wa majalada aliyoyabeba, na wenzake walimsadiki, kwa sababu kila siri aliyowapa ilikuwa mbaya.

— Mzee Mrisho, ni dole tu, — akasema Mwalimu. — Hata wewe mshahara ulikuwa ukipokea kwa dole.

— Na uko wapi huo mshahara? Umekwisha! Sasa nisikilizeni. Nilibeba jalada moja zito, ratili mbili kamili, limeandikwa habari za vijana. Mtu akiandika fomu anataka udresa, kesho kodi yake inahesabiwa ya dresa. Kazi hajaipata, kodi ameshaanza kudaiwa. Hujiulizi kwa nini wameweka kazi ya kwanza na ya pili? Kodi mbili.

— Hakuna kodi ya kazi ambayo mtu hanayo!

— Wewe mwalimu una mbuzi?

— Sina.

— Ukiwa naye, utakuwa na kamba?

— Nitakuwa nayo.

— Basi, — akasema Mrisho, akakunja mikono kama mtu aliyeshinda kesi.

Mwalimu akanywa kahawa ili asiseme. Alijifunza zamani kwamba mtoto asiyejua unaweza kumfundisha, lakini mtu mzima aliyeshinda kesi yake mwenyewe huna la kumfanya. Ng'ambo ya njia kuku akalia ndani ya basi.

— Mimi siogopi kodi, — akaanza Abdala Bama, na wote wakajiweka sawa, kwa sababu akianza vile safari huwa ndefu. — Sisi tulipokuwa Bama, vitani, tulijazishwa fomu kama hizo. Ile ile karatasi, ile ile rangi. Nikaulizwa, Abdala, unataka kazi gani? Nikasema, dereva. Wakaandika, dereva. Mnajua nilipewa nini?

— Nyumbu, — wakasema wote. Walikuwa wameisikia tangu vita kwisha.

— Nyumbu, wallahi! Nyumbu wa kubeba mizigo, mwenye jicho moja. Fomu haikupi ulichoandika, inakupa kilicho chini yake. Ndiyo maana tukawaambia watoto waandike Liwali. Mtu akitaka kikombe na aombe birika. Akiandika Liwali atapewa ukarani. Akiandika dresa je? Nyumbu, tena siku hizi labda kipofu kabisa.

— Kumbe ndivyo mlivyofikiri! — Mwalimu akashindwa kujizuia. — Maliwali kumi na tisa, wazee wangu! Mji una Liwali mmoja!

— Mmoja wa sasa, — akasema Mtoro kwa upole. — Mji utakua.

— Na penye wazee haliharibiki neno, — akamalizia Mgeni Breki, akakinyoosha kikombe.

Mwalimu alipoona kikombe kitupu moyo ukamruka. Akamwambia Rajabu haraka amjazie dereva, tena na kashata juu, na kashata nyingine, ya Mwalimu mwenyewe. Mgeni akashukuru, akalegeza mkanda. Alikuwa mtu mwema, na kwa kashata angengoja mpaka Ijumaa.

— Na wewe Mgeni, — Mwalimu akajaribu, — wewe unayeiona Dar es Salaam kila siku, waambie. Kijana akienda kusoma huko kuna ubaya gani?

— Ubaya sisemi, — akajibu Mgeni, mdomo umejaa. — Nasema hesabu tu. Vijana wanne nawapeleka, watatu nawarudisha. Kila wiki. Nimepeleka vijana mpaka nimechoka. Huyo wa nne huwa yuko wapi?

— Amepata kazi!

— Ndivyo wanavyosema. Na kila nikiuliza, naambiwa yuko kwa shangazi yake. Mashangazi gani hao wa Dar es Salaam, kila mtu anaye?

Mrisho Siri akasogea katikati ya ubao. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti ambayo hata abiria wa basi waliisikia.

— Wa nne, — akasema, — anatolewa damu.

— Toba, Mrisho!

— Mumiani, bwana wee. Mnajifanya hamjui? Dresa anavaa nguo gani? Nyeupe. Kwa nini nyeupe? Ili tone likidondoka alione, lisipotee hata moja. Wanampeleka kijana wanasema anafundishwa kufunga vidonda. Vya nani? Mbona hawasemi?

— Vya wagonjwa! — akasema Mwalimu.

— Na damu wanaipeleka wapi? — akauliza Abdala Bama, ambaye sasa alikuwa amepata joto. — Ngojeni, ngojeni, sasa naelewa. Bama tuliona ndege zinaruka mchana kutwa. Mwalimu, ndege inarushwa na nini?

— Petroli.

— Petroli peke yake? Mbona basi la Mgeni lina petroli na haliruki?

Mgeni mwenyewe akageuka akalitazama basi lake kwa mashaka. Mwalimu alifumbua kinywa kueleza habari za mabawa na upepo, akakifumba. Alikuwa na digrii ya uchovu ambayo chuo chochote kisingeweza kumpa. Alitaka kuwaambia wazee wale kwamba wao ndio pipa linalovuja, lakini hao walikuwa baba zake, na mmoja wao alikuwa na dole alilolitaka. Akajaribu njia ya mwisho.

Ndani ya kibanda, kwenye msumari chini ya shazia na nyuzi, lilining'inia gazeti la wiki ile. Lilikuwa bado limekunjwa kama lilivyotoka kwenye mfuko wa barua.

— Mzee Mtoro, gazeti lile limeandika habari za mafunzo hayo. Mimi nimelisoma shuleni, ukurasa wa tatu. Hebu nilichukue niwasomee, msikie wenyewe.

— Hapana! — wakasema wote wanne, na Rajabu wa tano, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi.

— Liache hapo, — akasema Mtoro, na kwa mara ya kwanza akaweka ngozi chini. — Gazeti husomwa Alhamisi baada ya alasiri. Mohamedi atakuja kusoma.

— Lakini mimi nipo, nina macho, na basi linaondoka.

— Wewe husomi, — akasema Abdala Bama. — Wewe unatahini. Mwaka jana mtoto alipokuwa na homa ukatusomea wewe. Ukasoma mistari miwili ukaniuliza mto ule unamwaga maji wapi. Nikasema sijui. Ukaniambia nikafikiri. Nikakesha, Chaki! Mtu mzima, nina wajukuu, nakesha nafikiria mto!

— Na mimi uliniambia nirudie kwa sauti, — akanung'unika Mrisho.

Mwalimu akaona haya, kwa sababu ilikuwa kweli. Akaiweka fomu juu ya nakshi, mbele ya Mtoro, akaituliza kwa kikombe isipeperuke.

— Nakuomba, mzee wangu. Hapa, chini kabisa. Dole moja.

— Mwanangu, — akasema Mtoro, — mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Si ndivyo?

— Ndivyo.

— Kama marejeo ni hapa hapa, aende kufanya nini?

— Mzee Mtoro, hiyo siyo maana yake!

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nimemlea hapa. Basi akulie hapa.

— Wala hiyo siyo!

— Umeona? — Abdala akamgeukia Mgeni. — Anatahini.

Mgeni akacheka, akameza funda la mwisho, akakipindua kikombe chake juu ya ubao. Mwalimu akamwangalia Rajabu. Rajabu akautikisa mdila, akatikisa na kichwa. Imekwisha.

Hapo ndipo mlango wa basi ulipofunguliwa kwa teke, akashuka mwanamke wa makamo, kanga mbili, tenga la kuku kichwani na mkono wa kulia umefumbatwa. Akavuka njia bila kutazama kushoto wala kulia. Mwanamke hakai Mlangoni, wala yeye hakukaa. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye ubao, akatua tenga.

— Salaam alaykum. Mimi naitwa Zaina, wa Mapinga. Nilipanda gari hili na kuku wawili.

Akafumbua mkono.

— Sasa nina kuku wawili na yai.

Mgeni Breki akainamisha macho.

— Tunaondoka, mama. Sasa hivi.

— Sikuja kwa ajili yako. Nimekaa dirishani, nimewasikia tangu mwanzo, kodi, na nyumbu, na damu ya ndege. Kila mtu kasema akienda huyo mtoto atapata nini, atapatwa na nini. Mimi nina swali moja, nikijibiwa nakwenda zangu. — Akawaelekezea lile yai, mmoja baada ya mwingine. — Akienda, nyinyi hapa mtakosa nini?

Mrisho Siri, mwenye majibu ya serikali nzima, alianza kukwaruza ua la nakshi kwa ukucha. Abdala alitafuta Bama hakuipata. Mgeni alikipindua kikombe chake, akakipindua tena. Na Mwalimu Mwishehe, ambaye kazi yake ilikuwa kuwatazama watu wasiojua jibu, akaona kwamba hawa walilijua. Aliliona kwa sababu macho yao yote, moja moja, kwa wizi, yalikwenda kwenye msumari.

Gazeti.

Kwanza hasira zikampanda. Siku tatu za miguu, maliwali kumi na tisa, mumiani, yote hayo kumbe ili msomaji wao asiondoke! Alikuwa na maneno mdomoni, tena makali. Lakini Mtoro aliwahi kusema, na hakusema kwa sauti yake ya methali.

— Likiwa hapo msumarini, ni karatasi ya kufungia makubadhi. Akilishika yule, linakuwa watu. — Akafuta dole lake kwenye kikoi, akalifuta tena. — Anapokuta habari mbaya, ya msiba, ya gari kupinduka, hasomi mara moja. Ananitazama kwanza. Anaona kama nimekaa vizuri, ndipo anasoma. Nani mwingine atanitazama hivyo? Nampenda yule mtoto, mwalimu. Sitaki aende. Haya, nimesema.

Wenzake wakatazama pembeni, kama watazamavyo watu mwenzao akivua kanzu. Bi Zaina alilishusha yai. Mwalimu aliyatafuta yale maneno makali, akakuta yamekwenda zake. Akasikia kinywa chake kinasema jambo ambalo kichwa hakikupewa nafasi ya kulikataa.

— Nitawasomea mimi.

— Yarabi! — akasema Abdala Bama.

— Kila Alhamisi baada ya alasiri. Mpaka arudi.

— Udresa unasomwa muda gani? — akauliza Mrisho.

— Miaka mitatu.

— Miaka mitatu ya Chaki! — Mrisho akashika kichwa. — Afadhali mumiani!

Lakini Mtoro alikuwa akimtazama Mwalimu, na wengine wakaona hivyo, wakaanza kutoa masharti. Abdala akataka asiulizwe swali, si la mto, si la mlima. Mrisho akataka Mwalimu asiseme "yaani," kwa sababu kila akisema yaani habari inaharibika. Mgeni akataka asimsahihishe mtu majina ya miji, yeye ndiye dereva, anajua miji. Mwalimu akakubali yote, moja baada ya jingine, na kila aliloahidi lilimuuma kama jino. Mzee Rajabu akaomba habari za bei ya buni zisomwe mara mbili. Nalo likakubaliwa.

— Na mikono yako usiiweke nyuma, — akaongeza Abdala. — Ukisoma umeweka mikono nyuma natokwa jasho.

— Gazeti nitalishika na nini, nikiweka mikono nyuma?

— Sijui. Lakini wewe unaweza.

Ng'ambo, abiria wakaanza kupiga bati la basi kwa viganja. Mgeni akasimama, nakshi imemchapa vizuri.

— Basi, imetosha, — akasema.

— Dole, Mzee Mtoro! Dole! — Mwalimu akajipapasa mifukoni, mfuko wa kulia, wa kushoto, wa shati, akasimama ameduwaa. Kile kikopo cha wino wa kuchovyea dole kilikuwa shuleni, juu ya meza, kando ya hesabu ya pipa.

Kwenda na kurudi ni nusu saa. Mgeni alikwisha kuvuka njia.

Mtoro akamtazama Mwalimu, akaitazama fomu. Kisha akakiinua kile kikombe kilichoituliza, akatazama ndani. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini machicha yalikuwepo, mazito, meusi. Akatumbukiza dole la kushoto, akalizungusha taratibu kama apakavyo gundi kwenye wayo, akalipangusa kidogo ukingoni, akalibandika chini kabisa ya fomu, pale mstari ulipomtaka. Akakandamiza muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoliinua, alama ilikuwa imetoka, ya hudhurungi, kila mfuo unaonekana, na karatasi ya serikali inanukia tangawizi.

— Itakubaliwa hiyo? — akauliza Mrisho.

— Kwa nini isikubaliwe? — akasema Mwalimu, akiipuliza ikauke. — Na huko ofisini wanakunywa kahawa.

— Wanakunywa chai, — akasema Mrisho. — Mimi ndiye niliyekuwa nawapelekea.

Mwalimu hakungoja. Aliitia fomu ndani ya bahasha, akakimbia, mwalimu mzima wa serikali, viatu mkononi, akamkabidhi Mgeni kupitia dirishani. Bi Zaina alikuwa wa mwisho kupanda. Kabla hajapanda alirudi hatua mbili akaliweka yai juu ya ubao, mbele ya Mtoro.

— Mchemshieni huyo liwali, — akasema.

Basi likaondoka, kwa kusukumwa kama kawaida, Abdala Bama akiamuru kutoka ubaoni. Vumbi lilipotua, Rajabu alikuwa akikusanya vikombe. Mwalimu alivaa viatu vyake akaanza kurudi shuleni, akiwaza watoto kumi na tisa na pipa ambalo kwa sasa bila shaka lilikuwa tupu. Kwa wiki nzima alikuwa amehangaika kuwapangia watu kazi zao za baadaye, na sasa, kwa kahawa tatu na kashata mbili, alikuwa amepangiwa ya kwake. Akajicheka mwenyewe, kicheko cha puani.

Hakuwa amefika kwenye kona aliposikia makubadhi nyuma yake. Mtoro alikuwa amemfuata, na alipomfikia akageuka kwanza kuhakikisha wale wa ubaoni hawasikii.

— Mwalimu. Gazeti utatusomea pale, mbele ya watu.

— Nimeahidi, mzee wangu.

— Barua zake, akiandika, utakuja kunisomea nyumbani.

— Nitakuja.

Mtoro akabaki amesimama. Dole lake la kushoto lilikuwa bado jeusi, na alilishikilia mbali na kanzu.

— Na ukikuta kakosea, — akasema, — usisahihishe. Nisomee hivyo hivyo alivyoandika.

Mwalimu Mwishehe, ambaye kwa miaka kumi na mitatu hakuwahi kuliacha kosa la mtoto lipite, alisema atajaribu.